Seneti, Baraza la Pili na Tatizo la Neno "Juu"

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha somo la Uraia katika shule moja ya sekondari huku Maguu, wilayani Mbinga. Katika jaribio la mwisho wa muhula niliwauliza wanafunzi waeleze kazi ya Bunge la Juu katika nchi ya shirikisho. Mwanafunzi mmoja alijibu kwamba Bunge la Juu ni la watu wa milimani na Bunge la Chini ni la watu wa ziwani, na kwamba yamewekwa mawili ili upande mmoja usiumeze mwingine. Nilicheka, nikamtia alama ya kosa kwa wino mwekundu, nikaendelea na daftari lililofuata.

Msomaji asiyeijua nchi yetu ataona kuwa mtoto yule alikuwa akibahatisha. Lakini hapa kwetu "juu" na "chini" ni mahali. Juu ni Umatengo, kwenye miinuko ya kahawa na mashamba ya ngolo. Chini ni pwani ya Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, kwa wavuvi na walima mihogo. Mtu hushuka chini kununua dagaa na hupanda juu kutafuta mahindi. Pande hizo mbili zilikuwa wilaya moja ya Mbinga hadi 2012, zilipogawanywa na wilaya ya Nyasa ikazaliwa. Na kabla ya hapo yalikuwapo manung'uniko ya kila siku juu ya nani anapata barabara na nani anapata zahanati. Kwa hiyo mwanafunzi yule aliusikia msamiati wangu kwa sikio la nyumbani kwake, akaufasiri. Ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba jibu lake lilikuwa karibu na ukweli kuliko maelezo niliyokuwa nimeyaandika ubaoni.

Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi chombo hiki, yaani baraza la pili la bunge, kilivyoingia katika historia ya Afrika Mashariki, na jinsi majina tuliyokipa yalivyosaidia au yalivyoficha kazi yake. Nimeichagua Kenya iwe mfano mkuu, kwa sababu ni nchi ya wasemaji wengi wa Kiswahili iliyokianzisha chombo hiki, ikakifuta, kisha ikakirudisha.

Tuanze na neno lenyewe. Waingereza huliita baraza hili "nyumba ya juu", na sifa hiyo ya "juu" kwao ilitokana na utukufu wa watu waliokaa humo: malodi na maaskofu, waliotofautishwa na wawakilishi wa watu wa kawaida. Watangazaji wetu wa redio walilitafutia majina jozi hiyo, wakapata Baraza la Malodi na Bunge la Makabwela. Neno makabwela, pamoja na kejeli yake, lilieleza jambo la kweli, maana lilitaja daraja la watu, na nchini Uingereza mabaraza hayo mawili yalikuwa ni madaraja ya watu kweli. Ubaya ulianza pale sifa ya "juu" ilipohamishwa kutoka Uingereza, ambayo si shirikisho, ikapelekwa katika nchi za shirikisho, ambako baraza la pili halihusu daraja la mtu bali mahali anapotoka.

Huko kwenye mashirikisho sababu yake ni hesabu. Nchi kadhaa au sehemu kadhaa za nchi zikikubali kuwa na bunge moja, iliyo kubwa itakuwa na wabunge wengi, na iliyo ndogo itaogopa. Wamarekani waliokutana Philadelphia mwaka 1787 walikwama hapo hadi walipokubaliana kuwa na mabaraza mawili: moja la kuhesabu vichwa vya watu, jingine la kuhesabu dola wanachama, kila dola ikitoa maseneta wawili, iwe kubwa au ndogo. Mpaka 1913 maseneta hao walichaguliwa na mabunge ya dola zao. Wananchi walianza kuwapigia kura wenyewe baada ya hapo. Wajerumani wana mtindo mwingine: katika baraza lao la shirikisho hukaa wajumbe wa serikali za majimbo, na kura zote za jimbo moja hupigwa kwa pamoja, kati ya tatu na sita kulingana na idadi ya watu. Mjumbe hasemi kwa niaba yake. Anasema kwa niaba ya jimbo lake.

Katika nchi ambazo serikali hutokana na bunge kuna sharti moja zaidi. Waziri Mkuu huwajibika kwa baraza la wawakilishi wa watu. Hilo ndilo linaloweza kumwondoa. Baraza la pili kwa kawaida haliiangushi serikali. Kazi yake ni kupitia miswada, kuirudisha, kuichelewesha, na kulinda vifungu vya katiba vinavyogusa sehemu za shirikisho. Sheria ya Uingereza ya 1911, iliyokazwa zaidi mwaka 1949, iliwaachia malodi uwezo wa kuchelewesha tu: mwezi mmoja kwa muswada wa fedha, na takriban mwaka mmoja kwa miswada mingine mingi. Mahali ambapo sharti hili halikufungwa vizuri pametokea msukosuko. Australia ni mfano: mwaka 1975 Seneti ilikataa kuipitishia serikali fedha, na mnamo tarehe 11 Novemba Waziri Mkuu Gough Whitlam akafukuzwa kazi na Gavana Mkuu ingawa alikuwa na wingi katika baraza la wawakilishi.

Sasa twende Kenya. Katika mikutano ya Lancaster House, hasa ule wa 1962, vyama viwili vilikabiliana. KANU ya Jomo Kenyatta, Tom Mboya na Oginga Odinga ilitaka serikali moja yenye nguvu. KADU ya Ronald Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi, iliyokuwa na wafuasi wengi Pwani, Bonde la Ufa na Magharibi, iliogopa kwamba makabila makubwa yangetwaa ardhi na madaraka yote. KADU ikadai majimbo, na pamoja na majimbo ikadai Seneti. Katiba iliyotokea ilikuwa na majimbo saba na eneo la Nairobi. Na bunge lake likawa na mabaraza mawili, Baraza la Wawakilishi na Seneti. Seneti ilikuwa na viti 41, kimoja kwa kila wilaya kati ya wilaya 40, na kimoja kwa Nairobi. Lamu yenye watu wachache ilikuwa sawa na wilaya yenye watu mara kadhaa zaidi yake. Uchaguzi ulifanyika Mei 1963, na tarehe 1 Juni Kenya ikapata serikali ya madaraka. KANU ilishinda wazi katika Baraza la Wawakilishi. Katika Seneti vyama vilikaribiana sana.

Kinga kubwa ya Seneti hiyo ilikuwa katika kubadili Katiba. Kifungu cha kawaida cha Katiba kilihitaji robo tatu ya wajumbe wote katika kila baraza. Vifungu vilivyowekewa ulinzi wa pekee, vikiwamo vya haki za raia, ardhi ya makabila na mamlaka ya majimbo, vilihitaji robo tatu ya Wawakilishi na asilimia 90 ya Maseneta. Msomaji na apige hesabu mwenyewe: katika baraza la watu 41, maseneta watano tu wakikataa, jambo limekwama. Ngome kama hiyo haikuwa na mlango wa kawaida wa kuingilia, na nadhani hapo ndipo udhaifu wake ulipokuwa. Serikali iliyoshindwa kuipita ngome kwa hoja ilikuwa na kila sababu ya kuibomoa kwa njia nyingine.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1964 Kenyatta alitangaza nia ya kuifanya nchi iwe Jamhuri, akaonya kuwa akikosa kura katika Seneti ataipeleka hoja kwa wananchi wote kwa kura ya maoni. Wabunge na maseneta wa KADU wakaanza kuhamia KANU mmoja mmoja, na mnamo Novemba chama chenyewe kikavunjwa. Tarehe 12 Desemba 1964 Jamhuri ikatangazwa. Mwaka uliofuata kiwango cha kura za kubadili Katiba kikashushwa hadi asilimia 65 katika kila baraza, na ule ulinzi wa pekee ukatoweka. Majimbo yakabaki jina, kisha hata jina likaondoka.

Kufikia hapo Seneti ilikuwa mlinzi wa nyumba ambayo wenyewe wamekwisha kuhama. Mwaka 1966 mabaraza mawili yaliunganishwa kuwa moja. Jambo la kukumbukwa ni kwamba haikufutwa kwa mabavu: sheria ilihitaji kura ya Seneti yenyewe, na Seneti ikaipiga. Viliundwa viti vipya 41 vya uchaguzi, kila seneta akapata chake, na viti vya kuchaguliwa vikapanda kutoka 117 hadi 158. Kisha maisha ya Bunge yakarefushwa ili uchaguzi usiwe karibu. Spika wa Seneti, Muinga Chokwe, akapoteza kiti, na Humphrey Slade aliyekuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi akaendelea kuliongoza Bunge lililounganishwa. Wapo wasemao kuwa Seneti hiyo haikufanya kazi ya maana. Mimi naona hukumu hiyo ni ya haraka. Chombo kilichowekwa ili kuzuia hakiwezi kupimwa kwa wingi wa sheria kilizotunga, na hiki hakikupewa hata miaka minne.

Kuna jambo moja katika habari hii linalotuhusu sisi wa lugha kuliko wanasiasa. Seneti ya kwanza ya Kenya iliishi na kufa kwa Kiingereza. Katiba ya 1963 ilifanya Kiingereza kuwa lugha ya Bunge, na Kiswahili hakikuruhusiwa humo hadi Julai 1974, Kenyatta alipoamuru kitumike. Wakati huo Seneti ilikuwa imekwisha kufa karibu miaka minane. Kwa hiyo maseneta wale, ambao wengi wao waliomba kura kwa Kiswahili au kwa lugha za nyumbani, hawakupata kuandika hata muswada mmoja kwa Kiswahili. Jina la chombo chao halikupitia ulimi wa wananchi waliokusudiwa kulindwa nacho. Huku kwetu Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kulihutubia Bunge kwa Kiswahili Desemba 1962, na mwaka 1967 Makamu wa Pili wa Rais Rashidi Kawawa, mwana wa Ruvuma hii hii, akaagiza kazi za Serikali zifanywe kwa Kiswahili. Mwaka huo huo ndipo Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria. Lakini sisi hatukuwa na Seneti, kwa hiyo hatukuwa na haja ya jina lake. Wenye haja walikosa lugha, na wenye lugha walikosa haja.

Ndipo wafasiri wa baadaye walipojikuta wanatumia chochote kilichokuwa karibu. Wengine waliandika Baraza la Wazee. Asili ya neno inawatetea, kwa kuwa neno la Kilatini lililozaa "seneti" limetokana na neno lenye maana ya mzee, na hata leo Katiba ya Marekani humtaka seneta awe na umri wa miaka 30 ilhali mwakilishi hutosha akiwa na 25. Lakini hapa nchini Baraza la Wazee ni jina lenye mwenyewe. Wakati wa TANU lilikuwa chombo cha wazee wa chama, na mpaka sasa kata nyingi zina wazee wa usuluhishi wanaoitwa hivyo. Isitoshe, Katiba mpya ya Kenya imeweka katika Seneti viti viwili vya vijana, mwanamke na mwanamume. Mfasiri akishikilia Baraza la Wazee itambidi aeleze jinsi kijana anavyochaguliwa kuwa mzee kwa mujibu wa sheria.

Mwenzangu mmoja, Mmatengo kama mimi, alipendekeza tukopeshe neno la nyumbani: sengu. Msomaji wa mbali ajue kwamba sengu ilikuwa mkusanyiko wa ukoo uliokaa katika ntambo mmoja, yaani mgongo wa mlima kati ya vijito viwili. Watu walikula pamoja, na penye chakula hicho yakazungumzwa mambo ya mashamba, ndoa na ugomvi, nao vijana wakajifunza kwa kusikiliza. Desturi hiyo ilidhoofika sana miongo mingi iliyopita, na mtu yeyote wa kwetu angefurahi kuona neno lake likifufuliwa katika kamusi ya Taifa. Hata hivyo sikukubaliana naye. Sengu ni ya ukoo mmoja chini ya mkuu mmoja, na Seneti ni mahali ambapo koo zisizo na mkuu mmoja hukutana zikiwa sawa. Tungelitumia neno hilo tungekuwa tumelipoteza neno zuri na kukosa istilahi.

Tatizo la pili ni Baraza la Wawakilishi. Mwanafunzi wa Zanzibar akisikia jina hili anafikiri Baraza lake lililoanza kukutana Januari 1980, ambalo ndilo chombo kizima cha kutunga sheria kwa mambo ya Zanzibar yasiyo ya Muungano. Mwanafunzi wa Kenya akisoma historia anakutana na Baraza la Wawakilishi la 1963, ambalo ni nusu tu ya bunge. Anayesikiliza habari za Marekani analiona tena, na huko pia ni nusu. Jina moja, vyombo vitatu visivyolingana. Hapa sidhani kuwa tunaweza kubadili lolote, kwa kuwa majina yamekwisha kukaa; kilichobaki ni mfasiri kutaja nchi kila mara.

La tatu ni hatari zaidi, kwa sababu halionekani. Katika Katiba ya Kenya ya 1963, jina ambalo neno kwa neno ni "Bunge la Taifa" lilikuwa la mabaraza yote mawili kwa jumla. Katika Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010, Bunge ndilo la jumla, nalo lina sehemu mbili: Bunge la Taifa na Seneti. Yaani jina la mzima limekuwa jina la nusu. Nimekwisha kuona kitabu cha shule kilichochanganya hayo, kikasema kwamba Bunge la Taifa la 1963 lilikuwa na mpinzani aitwaye Seneti. Mwandishi alisoma Katiba mpya akairudisha nyuma kwa miaka 47.

Seneti hii ya pili ina wajumbe 67 mbali na Spika: 47 waliochaguliwa na kaunti, wanawake 16 walioteuliwa na vyama, vijana wawili na watu wawili wenye ulemavu. Kaunti ya Lamu, iliyohesabiwa kuwa na watu 143,920 mwaka 2019, ina seneta mmoja wa kuchaguliwa. Nairobi, yenye watu 4,397,073, nayo ina mmoja. Katika mambo mengi yanayohusu kaunti maseneta hawapigi kura kichwa kwa kichwa. Kila kaunti ina ujumbe wake wenye kura moja, inayopigwa na kiongozi wa ujumbe. Hapo Wakenya wamekaribia Wajerumani kuliko Wamarekani, ingawa nchi yao haijiiti shirikisho: wao husema ugatuzi, neno la jamaa moja na kugatua, ambalo sisi tulilizoea tangu siku za Madaraka Mikoani mwaka 1972.

Ubishi juu ya "juu" ulizuka mara tu Seneti hiyo ilipoanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Wabunge walisema wao ndio wakubwa kwa kuwa ndio wanaopitisha bajeti. Maseneta wakasema wao ndio bunge la juu kwa kuwa ndio wanaowahukumu marais. Magazeti yaliufurahia sana ugomvi huo. Kwa kweli Katiba ile haina neno "juu" wala "chini" mahali popote inapoyataja mabaraza hayo. Wote waliokuwa wakipigania cheo hicho walikuwa wakipigania neno la Waingereza.

Lakini nyuma ya ubishi wa cheo palikuwa na fedha za watu. Mwaka huo wa 2013 Bunge la Taifa lilitaka kaunti zipewe shilingi bilioni 210. Seneti ikapandisha hadi bilioni 258. Katiba inasema mabaraza yakitofautiana, muswada uende kwenye kamati ya upatanisho yenye wajumbe sawa kutoka kila upande. Haikufanyika hivyo. Muswada ulipelekwa kwa Rais bila mabadiliko ya Seneti, naye akautia saini. Seneti ikaenda Mahakama ya Juu kuomba ushauri, na tarehe 1 Novemba 2013 Mahakama, chini ya Jaji Mkuu Willy Mutunga, ikasema kwamba Seneti ilistahili kushirikishwa na kwamba upatanisho ulipaswa kufanyika. Zahanati ya kijiji cha Turkana au Tana River ndiyo iliyokuwa ikisubiri jibu hilo, na pengine mgonjwa wake hakujua kuwa lipo baraza linalobishana kwa ajili yake. Uzito wa kazi ya pili ya Seneti ulionekana Oktoba 2024, ilipomsikiliza Naibu Rais Rigathi Gachagua kwa mashtaka yaliyoletwa na Bunge la Taifa, ikampata na hatia katika baadhi yake, na akaondolewa.

Majirani wengine nitawapitia kwa haraka. Kongo ilizaliwa na Seneti mwaka 1960, na Katiba yake ya 2006 imeweka maseneta 108 wanaochaguliwa na mabunge ya mikoa. Burundi imeifanya Seneti iwe mizani ya makabila: kila mkoa hutoa wajumbe wawili wa makabila tofauti, na Watwa hupewa watatu. Ng'ambo ya ziwa letu, Malawi, Katiba ya 1994 iliagiza Seneti ya watu 80, wakiwamo wawakilishi wa mabaraza ya wilaya na wa machifu. Haikupata kukutana hata siku moja. Ilifutwa katika Katiba mwaka 2001. Jambo la kupendeza ni kwamba wenzetu wa ng'ambo huliita bunge Nyumba ya Malamulo, nyumba ya sheria. Kwao "nyumba ya juu" ingepita mdomoni bila kukwaruza. Kwetu bunge si nyumba. Ni baraza, mahali pa kukaa na kusemezana mbele ya nyumba, penye kuonekana na wapitao njia. Na neno bunge lenyewe, ambalo wengi husema limetoka Kiha, nalo ni mkutano wa watu, si jengo. Tafsiri ya "nyumba" inakosea nchi yetu hata kabla ya kufika kwenye "juu".

Je, sisi Watanzania tuna haja gani na yote haya? Watu wengi hudhani kuwa swali la baraza la pili halituhusu, kwa kuwa Bunge letu ni moja. Nawaomba wasome Ibara ya 98 ya Katiba ya 1977. Humo imeelezwa kwamba mambo fulani, kama vile kuwapo kwa Jamhuri ya Muungano, mamlaka ya Serikali ya Zanzibar, orodha ya mambo ya Muungano na idadi ya wabunge kutoka Zanzibar, hayawezi kubadilishwa mpaka yaungwe mkono na theluthi mbili ya wabunge wote kutoka Tanzania Bara na theluthi mbili ya wabunge wote kutoka Zanzibar. Wabunge wamekaa katika ukumbi mmoja Dodoma, lakini kura zao zinahesabiwa katika vikapu viwili. Hiyo ndiyo kazi ya baraza la pili, isipokuwa haina kuta zake. Bunge Maalumu la Katiba la 2014 nalo lilihesabu kura zake kwa pande mbili. Hata Rasimu iliyotolewa Desemba 2013 na Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyopendekeza shirikisho la serikali tatu, haikupendekeza Seneti. Ilitaka Bunge moja dogo la Muungano lenye wabunge 75. Na Bunge la Afrika Mashariki kule Arusha limekwenda kinyume cha wote: kila nchi huchaguliwa wajumbe tisa na bunge lake, iwe Burundi au Tanzania, kama Seneti isiyo na baraza la chini yake.

Wakati wa maoni ya Katiba, watu wa kwetu waliuliza swali moja mara nyingi: mdogo analindwa vipi asimezwe? Sikumsikia hata mmoja akitajiwa Ibara ya 98. Waliambiwa habari za "bunge la juu la nchi za nje", wakaondoka wakiamini kuwa ulinzi ni jambo la wakubwa wa mbali. Hapo ndipo ninapoona uzito wa istilahi. Neno baya halimkoseshi mwanafunzi alama tu; humkosesha raia kuitambua haki iliyokwisha kuandikwa kwa ajili yake.

Kwa hiyo napendekeza haya kwa wafasiri wenzangu. Penye jina mahsusi la chombo, tuandike Seneti na seneta, tukitaja nchi, na tukitahadhari kwamba vyuo vikuu vyetu navyo vina Seneti zao zisizohusiana na jambo hili. Penye dhana ya jumla, tuseme baraza la pili, na mfumo wenyewe tuuite bunge la mabaraza mawili. "Nyumba ya juu" tuiache kabisa. "Bunge la juu" tulitumie tunaponukuu maneno ya wengine. Malodi wabaki na jina lao.

Limebaki neno moja ambalo sijaweza kulitatua, nalo ni jimbo. Enzi ya Waingereza huku kwetu lilikuwa eneo kubwa la utawala. Ruvuma ilikuwa ndani ya Jimbo la Kusini. Baada ya Uhuru eneo la utawala likawa mkoa, na jimbo likawa eneo la uchaguzi wa mbunge. Kwa Wakenya, majimbo ni siasa ya 1963, na wako wanaolisikia kwa hofu hadi leo. Kwa Wakatoliki wa hapa, ambao ndio wengi, jimbo ni Jimbo la Mbinga, na mkuu wake ni Askofu. Nilipoliandika upya swali langu kwa ajili ya darasa lililofuata, niliuliza: "Eleza kazi ya baraza la pili katika kulinda majimbo ya shirikisho." Wanafunzi wanne waliandika kwamba hukutana kumshauri Askofu. Safari hii sikutumia wino mwekundu. Nimeyahifadhi majibu yao, na nitashukuru kupata barua ya msomaji mwenye neno lililo bora.